Wimbo Haufumuliwi

Mume wangu alilinda ghala la magodoro tangu tukiwa na meno yote, na hakuwahi kusinzia kazini hata siku moja. Hebu fikiria mwenyewe. Usiku kucha umezungukwa na magodoro mapya yaliyopangwa mpaka darini, na wewe umekalia kiti cha chuma kisicho na mgongo. Wenzake walimbandika jina la Komeo, kwa sababu hakikupita kitu mlangoni bila yeye kukijua. Mimi nilizoea kumwambia, "Baba watoto, wewe ni mpishi asiyeruhusiwa kuonja." Naye hunijibu, "Ndiyo maana nimekonda, mke wangu."

Asubuhi akirudi, analala. Na asubuhi, kabla wateja hawajaanza kupiga hodi, ndipo ninapopiga kodiani. Hapo ndipo penye kesi.

Kodiani yenyewe ililetwa na wifi yangu, mdogo wake Komeo, anayefundisha muziki shule ya msingi. Alipopata mpya akaniletea ile kuukuu, ngozi ya mikanda imebanduka na kifungo kimoja kimezama hakiibuki. Akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, katikati ya suruali za watu.

"Wifi, tangu unaolewa unasema unatamani kinanda cha kuvuta. Haya, vuta. Tuone kama ni mapenzi au ni mdomo."

Kweli nilikuwa nikisema. Nilipokuwa msichana najifunza ushonaji, nyuma ya ukuta aliishi mtu mwenye kodiani, na sauti yake ndiyo iliyonifuta machozi. Machozi yalikuwepo ya kutosha, maana bibi aliyenifundisha kazi alikuwa na rula ya mbao na neno moja tu: "Fumua!" Mshono ukipinda unywele mmoja, rula vidoleni, wembe mkononi, fumua, anza upya. Sikuwa na mama wa kumkimbilia, kwa hiyo nilifumua. Nadhani nimefumua nguo nyingi kuliko nilizoshona. Lakini leo watu wananiletea nguo zilizoharibiwa na mafundi wengine, kama wagonjwa walioshindikana, na zinatoka kwangu zinatembea zenyewe. Rula ile naishukuru, ila kwa mbali.

Basi nikajifunga mikanda, nikavuta. Ikatoka sauti ya ng'ombe aliyekanyagwa mkia. Nilicheka mpaka nikaegemea cherehani. Nikavuta tena, safari hii ng'ombe alikuja na mwenzake. Kitu kile kilipumua kifuani pangu kama mtoto mzito aliyelala, na kila nilipokivuta kilinijibu. Wiki za kwanza nilikuwa na raha ya mtu aliyeokota kitu na mwenyewe haonekani kuja kukidai.

Wifi akanifundisha wimbo mmoja usio na maneno, wenye vipande vitatu: mwanzo unaopanda kama mtu anayepanda ngazi na habari njema, katikati panaposhuka polepole na kuingia huzuni kidogo, na mwisho unaorudi juu kwa mbio. Akanipa na sharti.

"Nusu ya muda wako hangaika na vidole. Nusu ya pili piga ovyo, upendavyo, ujifurahishe. Ukiiacha hiyo ya pili, wifi, utakuja kukichukia."

Nusu ya kwanza niliishika kwa mikono miwili. Ya pili sikuigusa. Nani anajifurahisha na nguo ambayo haijakwisha?

Nikikosea kidole, nilirudi mwanzo. Si kwa kupenda. Mkono ulirudi wenyewe, kama unavyoujua wembe ulipo bila kutazama. Kosa moja, mwanzo. Hata la kujikwaa tu, mwanzo. Miezi ikapita. Mwanzo wa wimbo ule niliupiga ukanyooka kama kola iliyopigwa pasi. Katikati na mwisho nilivijua kwa vipande, kule shuleni kwa wifi, kama mikono ya shati ambayo haijaunganishwa na kiwiliwili. Nyumbani sikuwahi kuvifikia. Raha nayo ikanikimbia. Kuna asubuhi nilizoifunika kodiani kwa kitambaa cha bitana ili nisiione, nayo ikabaki imevimba pale chini ya meza kama paka aliyenuniwa.

Na Komeo amelala chumba cha pili, ukuta wenyewe mbao nyembamba. Hakulalamika hata mara moja. Mwanzo ule ulimwingia usingizini, akaamka nao, akaenda nao kazini. Akawa anauvumisha pale getini, mluzi kidogo, koo kidogo, akifika juu ya ngazi anarudi chini kuanza tena. Wapakiaji wanaoingia asubuhi wakaudaka. Madereva wakaudaka. Muda si muda ghala zima lilikuwa linapanda ngazi, na hakuna aliyejua huko juu kuna nini.

"Wananiuliza unaishaje," aliniambia jioni moja, akifunga kamba za viatu.

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia mke wangu hajafika huko."

"Umenivua nguo mbele za watu!"

"Wewe ni fundi, utashona nyingine."

Kisha akakohoa. Mume wangu akikohoa kabla ya kusema, najua nyuma ya kikohozi kuna jambo. Alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Wenzake walitaka kumuaga asubuhi ya siku ya mwisho, pale pale getini, wa usiku wakitoka na wa mchana wakiingia. Walimuuliza angependa nini.

"Nimewaambia nataka mke wangu aje aupige wimbo wote."

Nikaweka mkasi chini. "Komeo." Humwita hivyo nisipokuwa na mchezo. "Unataka nikuaibishe siku yako ya mwisho?"

"Nataka kuujua mwisho. Miaka yote nimelinda vitu ambavyo si vyangu. Wimbo ule ni wangu, wameupata kwangu, na mimi nimeupata kwako. Nikiondoka bila mwisho wake watasema nini? Komeo katuachia nusu?"

Akachukua tochi yake akaenda. Hakuwa anatania, na katika nyumba yetu mtu asipotania ujue mambo yamefika shingoni.

Kesho yake nikaibeba kodiani mpaka shuleni. Wifi akakaa juu ya dawati, akasikiliza. Nikakosea, nikarudi mwanzo. Nikakosea, nikarudi mwanzo. Mara ya sijui ngapi akanishika mkono.

"Wifi, wewe una wembe kichwani. Wimbo haufumuliwi. Ukishatoka umetoka, kama maneno uliyokuwa ukimwambia kaka yangu kabla hujamzoea."

"Hayo yaache."

"Nimeyaacha. Na wewe liache kosa lako likae ulipoliacha. Kesho njoo kabla ya kengele."

Nilipofika alinisimamisha kwenye varanda ya madarasa. Wanafunzi walikuwa wamejipanga mistari uwanjani, mikoba mgongoni. "Wataingia darasani kwa muziki wako," akasema. "Mimi leo mkono unaniuma." Mwongo. Mkono ule ule alikuwa anajikunia kichwa.

Nikaanza. Watoto wakatembea: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nikajiona mkuu wa gwaride. Kisha kidole kikateleza na mimi, bila hata kufikiri, nikarudi mwanzo. Mstari wa mbele ukasimama. Wa nyuma wakawavaa. Mmoja alikanyagwa kisigino kiatu kikamvuka, mwingine akajikuta amekalia mkoba wa mwenzake. Vumbi na vicheko, na mwalimu mkuu akachungulia dirishani na kikombe chake.

"Umeona?" wifi akasema. "Miguu ya watu hairudi uwanjani kwa sababu ya kidole chako. Kesho tena."

Kesho yake kidole kikateleza palepale, maana makosa nayo yana kwao. Safari hii nikaitazama miguu. Haikuwa na habari. Yenyewe ilitaka kushoto na kulia tu; kidole changu kilichopotea hakikumuumiza mtu. Nikapita. Nikaingia katikati ya wimbo kwa mara ya kwanza bila kusimama, nikakosea tena, nikapita tena, na mara mwisho huo unakuja mbio kunipokea. Mtoto wa mwisho, mwenye soksi moja juu na nyingine chini, aliingia darasani akirukaruka. Nikabaki peke yangu pale varandani, mvukuto wa kodiani umefunguka kifua kizima, nacheka. Nilicheka kama siku ile ya ng'ombe.

"Hiyo ndiyo nusu ya pili," wifi akasema. "Umechelewa nayo mwaka mzima."

Msidhani kuanzia hapo vidole viliota mabawa. Kila asubuhi nilijikaza kisabuni na kipande cha katikati, nikakirudia, nikakitukana, nikakirudia. Lakini saa ya kuhangaika ikiisha, nilijipa nusu yangu ya pili. Nilipiga kwa makosa na kwa raha, na wateja nikawafungulia mlango na uso wa mtu aliyeshiba. Mwanzo tu ndio niliopiga Komeo akiwa ndani. Vipande vingine alikataa kabisa kuvisikia. Nikivigusa alipiga ukuta: "Acha! Nitavisikia na wenzangu."

Siku ikafika. Getini palikuwa na walinzi wenye macho mekundu, wapakiaji wenye glovu, na malori yanayonguruma kwa kukosa subira. Komeo alivaa sare niliyoipunguza mabega, na tochi mkononi ingawa jua lilishatoka. Hakuwa na imani nalo. Meneja alisema maneno mafupi, maana malori hayaagi mtu. Kisha wakanikalisha kwenye kiti chake cha chuma. Nilipokikalia ndipo nilipojua mume wangu amevumilia nini. Wifi alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, kama msimamizi wa mtihani.

Nikavuta.

Lo! Wote waliujua. Nilipogusa noti ya tatu walishanipokea kwa makoo ya asubuhi, mazito, walinzi, wapakiaji, dereva mmoja amening'inia mlangoni mwa lori. Walipanda ngazi ile pamoja nami kama watu wanaopandisha kabati. Tukafika juu. Wakanyamaza wote kwa pamoja.

Kodiani ikabaki na mimi tu.

Nikashuka katikati, polepole. Na palepale penye huzuni, kidole kikavuka kifungo kimoja, ikatoka noti ngeni, ndefu, wazi kama kiraka chekundu kwenye shati jeupe. Nikausikia mkono unaanza safari ya kurudi mwanzo. Nikainua macho. Komeo alikuwa amefumba yake, tochi kifuani, anasikiliza kama anavyosikiliza nyayo za mtu nje ya ukuta. Nikirudi, ninamrudisha naye. Ninawarudisha wote chini ya ngazi ambayo wameipanda mwaka mzima.

Ile noti ngeni nikaivuta kidogo zaidi, nikaipa kiti, kama mgeni aliyealikwa. Kisha nikaendelea. Huzuni ikapita, mwisho ukaja kwa mbio zake zote, na nikaufikisha mpaka uzi wa mwisho nikaukata.

Halafu dereva akapiga honi, na ghala likalipuka kwa vigelegele na miluzi.

Komeo akafumbua macho. "Kumbe unaishia juu," akasema. "Mimi nilidhani unaishia na kilio."

"Ulimwoa nani wewe, mwenye kuishia na kilio?"

Akawageukia wenzake, kifua mbele. Sare niliyoipunguza ikambana. "Mnamwona? Niliwaambia atafika!"

"Shemeji, rudia!" wakapiga kelele. "Rudia!"

Nikarudi mwanzo, safari hii kwa kupenda.

Zawadi waliyompa sina haja ya kuitaja. Ililetwa nyumbani juu ya lori, ikiwa bado ndani ya nailoni yake, na ghala lile halina kitu kingine. Komeo aliilalia mchana huo huo na viatu vyake, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nilimsikia akikoroma kwa majivuno.

Wifi alinivuta pembeni kabla hajaondoka.

"Ile noti ya katikati haimo kwenye wimbo."

"Najua."

"Na uliporudia ukaikosea tena, palepale."

"Mara ya pili sikukosea, wifi. Mara ya pili niliiweka."

Alinitazama kama ninavyotazama mshono wa fundi mwingine. Kisha akacheka, akanipiga bega. "Haya, mwalimu."

Wiki hii nilipita ghalani kupeleka sare za walinzi wapya. Pale getini, kwenye kiti cha chuma, alikaa mlinzi aliyechukua nafasi ya Komeo, mtu ambaye siku ile hakuwepo. Alikuwa anavumisha wimbo, amefumba jicho moja. Akapanda ngazi, akashuka katikati, na alipofika palepale akaweka ile noti yangu, bila haya, kama iliyokuwepo tangu enzi. Akamaliza mpaka mwisho.

"Umeutoa wapi huo?" nikamuuliza.

"Ndio wimbo wa hapa, mama. Kila mtu anaujua."

Nikamkabidhi furushi lake. Nilikwenda hatua kadhaa, nikashindwa kujizuia, nikageuka.

"Ile noti ya katikati, mwanangu. Ivute kidogo zaidi."