Vidole vya Fundi Vigae

"Bonyeza zaidi," alisema karani wa viza.

Fundi akabonyeza. Kimashine cha kioo kikawaka kijani, kikasitasita, kisha kikawaka nyekundu. Hiyo ilikuwa mara ya saba. Karani akamsogezea kitambaa. "Futa vizuri, kaka. Sasa tujaribu dole gumba."

Nyuma ya fundi watu ishirini na ushei walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na bahasha yake mapajani, wote wakimtazama. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima aliyeitwa ubaoni akashindwa kuandika jina lake.

Kazini walimwita Pima-Tena, maana hakuwahi kukata kigae kabla hajakipima mara mbili, na mara ya tatu kumkomesha shetani. Miaka kumi na tisa alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu za watu. Halafu, baada ya miezi ya kukaa bila simu kulia, kazi mbili zikamwita wiki moja. Ya kwanza ilikuwa katika nchi tajiri aliko kaka yake mkubwa: mkataba wa kurasa kumi na moja, bima, likizo, matibabu, ila bila alama za vidole hakuna viza. Ya pili ilikuwa nchi jirani, ndiyo kwanza inainuka, majengo yanachipuka kila kona. Mshahara wake haukufika hata theluthi ya ule wa kwanza, lakini angekuwa msimamizi wa mafundi vigae, na safari ya kuja kumwona mama ilikuwa siku moja tu kwa basi. Mwenye mradi huo alitaka jibu leo, kabla ya saa kumi na moja jioni.

Achague ipi? Mtu wa kumuuliza hakuwa naye. Mkewe alishakwenda na hamsini zake. Mama alipoulizwa alijibu, "Mwanangu, mimi niseme nini? Popote uendapo, mimi nitakuwa hapahapa." Kaka peke yake ndiye aliyekuwa na jibu, na kila Jumapili alilirudia kwenye simu: njoo, huku kuna maisha, nina marafiki tele, kitanda chako nimeshakitandika. Kwa hiyo akachagua kwa kaka.

Barua ya miadi ilimwonya. Saruji hula ngozi ya vidole, kwa hiyo asiiguse kwa wiki mbili, na apake mafuta asubuhi na jioni. Akatii. Siku kumi na mbili alikaa chumbani mikono ikimeremeta kama bwana harusi, hana wa kusema naye, anasikiliza majirani wakigombana na kupatana nyuma ya ukuta.

Siku ya kumi na tatu alikwenda kuchukua msumeno wake kwenye nyumba ya kazi yake ya mwisho, iliyosimama nusu. Mlinzi akamfungulia. Bafuni akakuta mtu mwingine amekwisha kujaza nafasi kati ya vigae alivyobandika yeye, na alivyojaza, Mungu ndiye ajuaye: huku pamevimba, huku pamebonyea, mstari unakwenda kama mlevi. Pima-Tena akajiambia ataangalia tu. Loo, kuangalia gani? Alichokonoa yote, akakoroga saruji nyeupe, akajaza upya kwa vidole vitupu, kwa sababu glovu hazijui kina cha ufa. Saa sita nzima. Mwenye nyumba alikuwa safarini, wala hakuna aliyemtuma. Lakini katika wiki mbili zile, siku hiyo ndiyo pekee aliyojiona ni mtu.

"Uligusa saruji?" aliuliza karani.

"Juzi. Kidogo."

"Na barua uliisoma?"

"Niliisoma."

Karani akafunua faili. "Hapa wanataka fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi."

"Ninayo kumi na tisa."

"Sasa mashine haioni kitu, kaka."

"Uzoefu wenyewe ndio huo, dada. Uko hapo vidoleni."

Karani alitaka kucheka, akaona fundi hatanii. "Mimi sina mamlaka," alisema taratibu. "Omba miadi upya. Ya karibu ni baada ya miezi mitano."

Na nafasi ile ya kazi ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi.

Nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akampigia kaka.

"Imekataa."

Akabana simu sikioni.

"Kaka?"

"Nipo. Tangu Ijumaa sijaongea na mtu, mdogo wangu. Wewe ndiye wa kwanza."

"Si ulisema una marafiki tele?"

"Nilitaka uje."

Maisha yake yote Pima-Tena hakuwahi kumsikia kaka yake akihitaji kitu, na sasa kilichohitajiwa hakuwa nacho. Ilimuuma kuliko ile taa nyekundu.

"Nenda huko kwingine," kaka alisema. "Angalau mmoja wetu awe karibu na mama."

Saa kumi na nusu akampigia mwenye mradi.

"Naam, fundi. Umeamua?"

"Mkataba nitaupata lini?"

"Mkataba wa nini tena? Sisi tunaaminiana."

"Na bima? Ulisema jengo lina ghorofa kumi na nne. Fundi akianguka?"

"Asianguke."

Pima-Tena akavitazama vidole vyake. Kule kwa kaka walikuwa na kila karatasi, mikono yake tu ndiyo iliyokataliwa. Huku waliitaka mikono, na mwenye mikono hakuna aliyemuulizia.

"Mnachukua alama za vidole?"

"Za kazi gani? Wewe njoo na zana zako. Nakuandika hapa: msimamizi wa vigae, wa nne."

"Wa nne? Watatu waliotangulia wako wapi?"

Kwenye simu ilisikika mashine ya kukorogea zege, na mtu akiita kwa mbali.

"Basi linaondoka Jumapili saa kumi na mbili asubuhi," alisema mwenye mradi. "Usichelewe."

"Sitachelewa," alijibu Pima-Tena.