Shuka, Ukokote

Tangu vijana wawili wa baiskeli wamwangushe bibi mmoja na kapu lake la dagaa, njia ya sokoni Mpanda iliwekewa kamba mwanzoni na kibao kikapigiliwa: SHUKA, UKOKOTE. Mwaka huo wa sabini na sita watu walipenda vibao. Hiki kilikuwa na haki yake. Hata Romana fundi cherehani alikubali kwamba wale vijana waliendesha kama waliofukuzwa na nyuki. Ila yeye hakumwangusha mtu, na kushuka atembee ndicho hasa asichokiweza.

Homa ya utotoni ilimwachia mguu wa kushoto usiobeba kitu. Juu ya baiskeli, mguu wa kulia ulifungwa kwenye pedeli kwa ukanda wa mpira, akaenda popote. Chini, hatua kumi zilimtoa jasho, na kutoka kwenye kamba hadi meza yake ya kushonea sokoni zilikuwa hatua mia mbili. Meza isiyo na mtu siku tatu ilipewa mwingine. Manyanda, mgambo aliyelinda kamba, alikwisha kumrudisha nyumbani siku mbili.

Siku ya tatu alifika soko limefurika.

"Dada, nilishakwambia," alisema Manyanda. "Ukiendesha humu nitakushika."

"Leo siendeshi. Kibao kinasema nishuke, nashuka. Nishike basi."

Akamtupia mkono begani kabla hajajibu. Manyanda hakuwa mtu mbaya. Akamshika kiuno kwa mkono mmoja, wa pili akakokota baiskeli, wakajaa njia nzima. Romana hakuharakisha. Kila hatua tano alipumzika, akamsalimu huyu, akamuuliza yule habari za watoto. Aliona haya? Hata chembe. Alikuwa na hasira, tena hasira iliyojua inakokwenda.

Nyuma yao Theopista, muuza samaki, alisimama na beseni kichwani, na nyuma yake foleni ikafika mpaka kwenye kamba. Katibu kata, Nathanael, akatoka ofisini.

"Nani kafunga njia?"

"Sheria, ndugu Katibu," alisema Romana. "Nikiwa juu ya baiskeli nachukua nafasi ya mtu mmoja. Mmenishusha, sasa tuko watatu: mimi, Manyanda na baiskeli."

"Sheria ni msumeno, Romana. Hukata mbele na nyuma."

"Basi iwakate wanaokimbia. Nyie mmeandika nitembee. Miguu yangu ndiyo hiyo anayoikokota Manyanda."

"Katibu, mwache apande tupite," alisema Theopista. "Shingo yangu inavunjika."

Nathanael aliitazama foleni, akautazama ule mguu, akajikuna kidevu. Mtu wa kukubali makosa hakuwa, lakini kuona aliona.

"Apande," alisema. "Na wengine wapande, ila kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nawe Romana usijifanye hodari. Ukimpita mwenda kwa miguu hata mmoja, nakurudisha kwenye kamba."

Manyanda akamwinua, akamkalisha kwenye tandiko. Romana akaanza kucheka, akashindwa kujizuia. Miaka thelathini na minne kila mtu alimwambia ajikaze, awahi, asiwacheleweshe wenzake. Hakuna aliyewahi kumwonya asiwapite. Akakanyaga pedeli taratibu nyuma ya Theopista aliyekwisha kutangulia, machozi yakimtiririka, mkono umebana breki.