Bi Harusi na Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Mafundi walimbandika jina la Bi Harusi. Mume wake alikuwa amefariki zamani na ndoa nyingine hakuitaka, lakini nyumba kuukuu alizipamba kama maharusi, hadi mtu akipita barabarani anageuka kutazama tena. Zamani alikuwa karani wa benki. Alipouza nyumba ya kwanza, iliyokuwa imechakaa kabla hajaipaka rangi na kuibadilisha vitasa na taa, kiti cha ofisini kikamshinda. Tangu hapo ikawa kununua, kupamba, kuuza na kuhama, na mama yake mzazi akimfuata nyuma na sanduku lake, akilala katika vyumba vinavyonuka rangi mbichi.

"Mteja anaamua akiwa bado getini," alikuwa akiwaambia mafundi. "Nipeni mlango unaong'aa na jiko linalovutia. Mengine atayazoea."

Nyumba hii ya tatu aliipenda kuliko zote. Mlango aliupaka buluu, sakafu ya jikoni akaitandika vigae vyeupe, akapanda maua kando ya ngazi. Kilichomkera ni ukuta wa chumba cha nyuma. Ulikuwa na doa la unyevu, na lipu yake ukiigusa inamomonyoka kama biskuti.

"Nivunje tutafute bomba linalovuja, au nipake tu?" fundi rangi aliuliza.

"Wateja wanakuja keshokutwa. Paka."

Akapaka. Ukuta ukawa safi kama karatasi, na Bi Harusi akakosa raha. Alisogeza mapazia, akayarudisha. Alisugua bomba la jikoni lililokwisha kusuguliwa. Kila baada ya muda alijikuta chumba cha nyuma, kiganja ukutani, kama anayempima mgonjwa homa.

"Wewe mtoto una wadudu miguuni?" mama yake alimuuliza. "Tangu asubuhi hujakalia kiti."

"Nakagua tu, mama."

"Unakagua au unaomba?"

Wateja walikuja mtu na mkewe: mume dereva wa lori, mke muuguzi mwenye mimba kubwa. Mambo yalikwenda vile vile Bi Harusi alivyozoea. Mke alicheka alipouona mlango. Jikoni alifungua kabati zote, akazifunga polepole, macho yakimng'aa. Mume alijitahidi kukunja uso ili bei isipande, lakini na yeye alishanasa.

Kisha wakaingia chumba cha nyuma.

"Hiki cha mtoto," muuguzi alisema bila kusita. "Kitanda chake tutakiegemeza hapa." Akaonyesha ukuta.

Bi Harusi alifungua kinywa aseme chumba kinapata upepo mzuri, maneno aliyokuwa ameyasema katika kila nyumba. Hayakutoka.

"Msikiegemeze hapo," alisema. "Ukuta huu una maji ndani. Nimeufunika kwa rangi."

Dereva akagonga ukuta kwa kidole, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Na huko kwingine umefunika nini?"

"Hakuna kingine. Naapa."

"Ungeapa hivyo hivyo hata kama kipo."

Akamshika mkewe mkono wakaondoka. Muuguzi aligeuka mara moja getini, akaitazama nyumba, si mwenye nyumba.

Kesho yake fundi bomba alivunja ukuta. Bomba lilikuwa limeoza, na ikabidi vigae vya jikoni ving'olewe kulifuata. Kazi ya kupamba iliyokuwa imekamilika ikarudi vumbi na kokoto. Bi Harusi alilia kidogo bafuni, akanawa uso, akashika ufagio.

Nyumba ilipokuwa tayari tena, dalali alileta mteja mwingine, mfanyabiashara. Bi Harusi alimsimulia habari ya bomba kabla hajaulizwa. Mteja akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akataja bei nzuri kuliko aliyoitarajia Bi Harusi. Bi Harusi alimkimbilia mama yake.

"Mama, tufunge mizigo!"

Mama yake alikuwa ameketi chumba cha nyuma, dirisha wazi. Nguo zake zote alikuwa amezipanga kabatini.

"Funga yako," alisema. "Mimi nimechoka kulala kwenye nyumba za kuuza, kama niko dukani. Hii umeitengeneza mpaka ndani, na mimi nakaa humu humu."

"Mama, mteja yuko sebuleni!"

"Mpe chai, aende."

Bi Harusi alisimama kati ya vyumba viwili. Kisha akaenda sebuleni kumwomba radhi yule bwana. Dalali aliondoka akinung'unika mpaka barabarani.

Jioni hiyo, mama alimvutia kiti. Bi Harusi akakaa, akainuka kunyoosha pazia, akakaa tena.

"Hivyo hivyo," mama yake alisema. "Utazoea."