Vijiti Kumi na Kimoja Mpakani

Muzee Baharanyi alipoanza kupasua jiwe karibu na mpaka, Nyirarukundo alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko lake akichambua maharage. Alisikiliza nyundo ikigonga mtaimbo asubuhi nzima. Mchana ulipofika aliacha maharage, akasimama kwenye ukuta na kuchungulia.

Ukuta wenyewe ulikuwa mfupi, wa mawe ya volkano yaliyopangwa bila saruji, na uliishia kiunoni. Aliuweka marehemu mumewe, Ntirenganya, miaka mingi kabla hajafa, na tangu hapo hakuna aliyeuliza kama uko mahali pake. Majirani wa mtaa wa Katoyi walimwita Nyirarukundo Mama Munezero, kwa jina la binti yake aliyeolewa Rutshuru. Aliishi peke yake. Baharanyi alikuwa mgeni, karani mstaafu kutoka upande wa Bukavu, mtu wa misa ya kila Jumapili, ambaye shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata siku ya kuvunja mawe. Alikuwa amenunua kiwanja cha jirani mwezi wa sita kutoka kwa warithi waliokuwa na haraka ya kuondoka.

"Muzee, jambo," Nyirarukundo alisema.

"Jambo sana, mama."

"Uko nachimba nini?"

"Mashimo."

"Naona mashimo. Ya nini?"

Baharanyi alijifuta jasho kwa kitambaa, akakikunja vizuri kabla ya kukirudisha mfukoni. "Niko napanda maua ya rozi."

Nyirarukundo alitazama chini. Katoyi, ukifagia vumbi jeusi la kina cha kidole unakutana na jiwe, na chini ya jiwe kuna jiwe lingine. Watu huchimba choo kwa sababu hawana njia nyingine, na hata hapo huita vijana watatu na kulia bei. Siku hizi kulikuwa na jambo jingine tena: mtu akionekana anachimba uani kwake, mtaa mzima hujiuliza anaficha nini.

"Maua," alisema. "Kwenye jiwe."

"Ndiyo, mama. Itanisumbua kidogo."

Alirudi jikoni akiwa hajaridhika. Mtu angesema anapanda mihogo au hata maboga, angemwelewa. Ua haliliwi. Hakuna muzee mwenye akili zake anayevunja mgongo kwa kitu kisicholiwa.

Ilimchukua Baharanyi siku kumi na mbili. Mashimo yalikuwa kumi na moja, kila moja kubwa kama beseni la kufulia, hatua moja kutoka kwa jingine, na yalinyooka kama yamepigwa kamba. Kweli alikuwa amepiga kamba. Nyirarukundo aliiona imefungwa kwenye misumari miwili, na usiku huo hakupata usingizi. Maua hayapigiwi kamba. Kinachopigiwa kamba ni msingi. Alitoa karatasi ya kiwanja kwenye sanduku la nguo na kuisoma tena na tena. Ilitaja mita na alama za pembeni, lakini alama hizo hakuwahi kuziona na macho yake.

Halafu ukaja udongo. Chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo, zililetwa getini kwa Baharanyi zikiwa na magunia yaliyofungwa midomo, na wasukumaji wake walikuwa wanahema. Magunia kumi na manne. Baada yake zikaja ndoo za mbolea ya ng'ombe, iliyokauka na kuzeeka hadi haina harufu. Nyirarukundo alizikagua zote kutoka upande wake wa ukuta. Udongo ungeweza kuwa udongo. Ungeweza pia kufunika kitu.

Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza kushika, Baharanyi alirudi kutoka bandarini, kwenye boti ya Bukavu, na furushi la gunia lililolowa, amelikumbatia kama mtoto mgonjwa. Alilifungua uani, na Nyirarukundo akaona alichobeba: vijiti. Vijiti vikavu vyenye miiba, havina jani hata moja wala udongo, na mizizi inaning'inia wazi kama ndevu. Baharanyi aliviloweka kwenye beseni la maji, akaliingiza beseni ndani na kufunga mlango.

"Zile ni kuni," Nyirarukundo alimwambia Joviale kesho yake.

Joviale alikuwa fundi cherehani, msichana mkubwa wa miaka ishirini na sita, aliyepanga chumba cha nyuma kwa Baharanyi. Alikuwa amekuja kuomba moto wa makaa, na alikuwa amekasirika.

"Anazimalizia bido mbili za maji, madumu mazima, mama," alisema. "Maji tunayonunua! Nilimwambia muzee, sisi tunaoga na kikombe, miti yako inaoga na beseni. Tulizozana kabisa."

"Na chini ya mashimo ameweka nini?"

"Mawe madogo, halafu udongo."

"Uliona na macho yako?"

Joviale alifikiri. "Sikuangalia yote."

Hilo lilitosha. Jioni ile Nyirarukundo alikwenda kwa Twizeyimana, shefu wa mtaa, akamwambia kwamba jirani yake anazika vitu mpakani na kuvifunika na kuni. Twizeyimana alifika siku ya pili. Baharanyi alimpokea vizuri, akampa kiti na chupa ya Fanta, akamwonyesha vijiti vilivyokwisha kupandwa, kimoja kimoja. Nyirarukundo aliwasikia wakicheka. Wakati wa kuondoka shefu alisimama kwenye ukuta.

"Ni maua, Mama Munezero. Kaa na amani."

"Na mupaka?"

"Mupaka haujatembea."

Nyirarukundo alimtazama akienda zake, bado anajifuta mdomo. Chupa moja ya Fanta, alijisemea. Ndiyo bei yetu.

Jumapili iliyofuata Baharanyi alikwenda misa ya kwanza, na Joviale akatoka kupeleka nguo za mteja. Nyirarukundo alikuwa amevaa tayari kwenda kanisani kwake. Alivua viatu vya ibada, akapandisha kitenge magotini, akaruka ukuta wa mumewe.

Kijiti cha kwanza kilitoka kwa urahisi kuliko alivyotegemea. Udongo ulikuwa bado laini. Aliingiza mkono shimoni mpaka begani, akapapasa: udongo, mbolea, kokoto, jiwe. Akang'oa cha pili. Udongo, mbolea, kokoto, jiwe. Kwenye cha tatu mwiba ulimchana kiganja, lakini hakusimama. Kilichomsukuma sasa hakikuwa hata hofu ya mpaka. Alikuwa amekwisha kuvuka ukuta, amekosa kanisa, na hakuweza kukubali kwamba amefanya yote hayo kwa ajili ya udongo. Lazima kuwe na kitu. Akang'oa cha nne, na cha tano.

Kwenye cha tano aliona mizizi midogo mipya, myeupe kama uzi wa kushonea, imeanza kutoka kwenye ile mizee. Juu, kwenye shina, kulikuwa na vichipukizi vyekundu, vidogo kama punje ya mtama. Alikaa kitako akiwa amekishika mkononi. Kuni hazichipui.

Geti likalia. Alivirudisha vijiti mashimoni harakaharaka, akasukumia udongo kwa viganja, akaruka ukuta. Joviale alipofika uani akiimba, Nyirarukundo alikuwa jikoni kwake, anatokwa na damu mkononi.

Wiki mbili zikapita. Vijiti sita vilitoa majani mekundu yaliyogeuka kijani. Vitano vya mwanzo vilisinyaa, vichipukizi vyao vikawa vyeusi. Baharanyi alichimbua kimoja akakuta mizizi imejikunja kuelekea juu, pembeni kuna nafasi tupu, na mbolea aliyoiweka chini iko juu. Nyirarukundo alimsikia kutoka jikoni.

"Mutu alingoa! Joviale! Kuja hapa!"

Alijaribu kutosikiliza na akasikia yote. Geti lilikuwa na funguo mbili tu, Baharanyi alisema. Nani mwingine aligombana naye kwa sababu ya maji? Nani alisema ni ujinga? Joviale aliapa, akalia, akaapa tena. Baharanyi hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia atafute chumba kingine kabla mwezi haujaisha.

Joviale alikuja kwa Nyirarukundo jioni, macho yamevimba.

"Mama, we unaniamini kama si mimi?"

"Nakuamini."

"Nani basi atafanya hivyo? Kungoa miti ya mutu na kuirudisha? Ni kichaa gani?"

Nyirarukundo alimkazia macho. Aliona msichana aliyelia, lakini moyo wake ulimnong'oneza: ameniona. Aliniona siku ile, na amekuja kunipima. Akaficha kiganja chenye kovu chini ya kitenge, akampa chai, akamwambia Mungu ataonyesha ukweli. Joviale alipoondoka alijichukia. Msichana alikuwa amekuja kutafuta mtu wa kumwamini, na yeye alikuwa akimchunguza kama mwizi, wakati mwizi ni yeye.

Siku tatu alizunguka na jambo hilo. Alijiambia atasema kesho. Alijiambia chumba kingine si shida kukipata. Siku ya nne aliona cherehani ya Joviale imetolewa nje, imefunikwa na shuka, na chukudu inasubiri getini. Safari hii hakuruka ukuta. Alizunguka barabarani, akapiga hodi.

"Ni mimi," alisema kabla hajakaribishwa. "Muzee, mimi ndiye nilingoa. Vyote tano."

Baharanyi alikuwa ameshika daftari. Aliliweka chini taratibu. Joviale alibaki na kamba mkononi.

"Ulikuwa natafuta nini?" Baharanyi aliuliza.

"Sijui. Kitu."

"Ulikipata?"

"Mizizi."

Baharanyi aligeuka kutazama mstari wa mashimo. "Miezi minne niko hapa," alisema hatimaye. "Kila siku unanitazama juu ya ukuta. Nilifikiri ni mama mupole anayependa kuona mutu akifanya kazi." Akamwonyesha Joviale kwa mkono. "Usiniombe mimi samahani. Huyu ndiye nilimfukuza."

Nyirarukundo alimgeukia Joviale. "Nilikudanganya na chai mkononi," alisema. "Nisamehe, mutoto wangu."

Joviale alirudia kufunga cherehani. Baharanyi akamwambia, kwa sauti ya chini, arudishe vitu vyake ndani, chumba ni chake. Msichana akatikisa kichwa.

"Hapana, muzee. Leo umejua si mimi. Kesho kitu kingine kikiharibika? Utaniuliza kwanza, ao utaniambia tena nitoke?" Akafunga fundo la mwisho juu ya cherehani. "Dada yangu Wivine ana nafasi Himbi. Nakwenda."

Wazee wawili walisimama getini wakiitazama chukudu ikishuka na cherehani yake mpaka ikapotea kwenye kona. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

"Vyote tano vimekufa?" Nyirarukundo aliuliza mwishowe.

"Sijui. Kuna ambavyo shina bado ni bichi."

"Nionyeshe namna ya kupanda."

Baharanyi alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kama atampa kisu. Kisha akaenda kuleta ndoo na mkasi. Walivitoa vijiti vitano, wakakata mizizi iliyooza mpaka penye weupe, wakaviloweka kutwa nzima. Maji alileta Nyirarukundo kutoka kwenye pipa lake. Asubuhi yake Baharanyi alimfundisha kutengeneza kichuguu cha udongo katikati ya shimo, kukikalisha kijiti juu yake, na kuitandaza mizizi pande zote kama vidole, isijikunje. Mbolea ikae chini, isiiguse. Udongo ushindiliwe kwa ngumi ili pasibaki tundu la hewa.

"Jiwe halishiki maji," alisema. "Ukimwagilia, yanapita moja kwa moja. Ndiyo maana ya udongo mwingi namna hii."

"Na kamba ilikuwa ya nini?"

"Kamba?"

"Ulipiga kamba. Kama mutu wa kujenga."

Baharanyi aliacha kushindilia. "Mama, miaka makumi tatu nilipiga mistari kwenye vitabu vya ofisi. Siwezi kupanda kitu kikaenda upande."

Jibu lilikuwa zuri. Nyirarukundo alilipokea, lakini alasiri Baharanyi alipoingia ndani kulala, yeye alipima kwa hatua kutoka ukutani hadi shimo la kwanza, na kutoka ukutani hadi shimo la mwisho. Zilikuwa sawa. Alipoinua macho, alimwona Baharanyi amesimama dirishani, anamtazama. Akamwinulia mkono. Baada ya kitambo Baharanyi naye akainua wake.

Vitatu kati ya vile vitano vilishika. Ua la kwanza lilifunguka mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, la manjano hafifu, na Baharanyi alilizunguka mara mbili akinung'unika kwamba muuzaji wa Bukavu alimwapia kuwa yote ni mekundu.

Siku hiyo Nyirarukundo alichukua kitenge kipya ambacho alikuwa amekihifadhi tangu ndoa ya Munezero, akapanda pikipiki hadi Himbi. Aliuliza mara tatu kabla ya kupata nyumba ya Wivine. Joviale alikuwa barazani na cherehani yake, na alipomwona hakusimama.

"Nimeleta kazi," Nyirarukundo alisema. "Kama unaweza kunishonea."

Joviale alikipokea kitenge, akakikunjua, akakitazama nyuma na mbele, pindo kwa pindo, akitafuta mahali palipotoboka. Palipokosekana, aliinuka na kuchukua futi.

"Inua mikono, mama."

Nyirarukundo aliinua mikono. Msichana alimpima kifua, kiuno na urefu, akaandika kwa chaki kwenye meza.

"Kuja siku ya ine," alisema, akiandika Alhamisi kando ya vipimo. "Itakuwa tayari."