Pale Juu Asipofika Ardith

Dada yangu Ardith alikuwa amepita miaka sabini alipoingia studio hapa Nashville kurekodi albamu yake ya mwisho. Wimbo wa kuifunga ulikuwa ule wa marehemu mama, uliompa Ardith jina tangu tukiwa wasichana. Una mahali panapopanda ghafla, na hapo ndipo watu walipokuwa wakitoa vitambaa kufuta machozi. Mimi nimemwitikia kwa sauti ya chini maisha yangu yote, kwa hiyo nilijua kabla ya wengine kwamba pale juu hafiki tena.

Clete, mtayarishaji wa albamu, naye alijua. Badala ya kumwambia, akawaagiza wapiga magitaa walegeze nyuzi kidogo, wote kwa kipimo kimoja, ili sauti ya wimbo mzima ishuke bila mwenyewe kugundua. Piano hailegezwi hivyo, basi ikaondolewa chumbani. "Iko kwa fundi," alimwambia bila haya. Mimi sikuambiwa chochote. Niligundua nilipofungua kinywa kuitikia.

Ardith akaimba, akafika. Alivua hedifoni huku analia.

"Nola! Umesikia? Sauti bado ipo!"

"Nimesikia, dada."

"Basi Jumapili naipeleka nyumbani. Waliosema nimechuja watakoma."

Jumapili hiyo kanisa letu kule milimani lilikuwa na siku ya kurudi nyumbani: waliohama wote hurudi, huimba, kisha hula pamoja uani, kando ya makaburi ya watu wao. Kule kuna piano ya Bi Opal, mpigaji wa kanisa, na piano ile haimwonei mtu huruma.

Nilimwambia njiani, garini. Sikuzunguka.

"Dada, Clete amekuvisha kilemba cha ukoka. Walilegeza nyuzi. Mwambie Opal aushushe wimbo, au usiuimbe kabisa."

Alichekea puani. "Miaka yote hii unaishi kwa makombo ya sauti yangu, leo ndiyo umepata la kusema?"

"Si wivu, Ardith."

"Nani kataja wivu? Umeutaja mwenyewe."

Nilikasirika. Nusura nisimamishe gari nimwambie atembee.

Kanisani Opal akapiga, Ardith akaanza vizuri tu, nami nyuma yake naitikia. Nikamwona anavuta pumzi, mabega yanapanda. Sauti ikakatika. Ilitoka pumzi tupu. Ardith alibaki mdomo wazi, ameng'ang'ania benchi la mbele, akageuka kunitazama, na machoni mwake nikaona kwamba sasa ameniamini.

Ningefanya nini? Nikaiacha sauti ya chini, nikapanda mimi. Nilifika pale bila taabu yoyote. Watu wakasimama, wengine wanalia, wakidhani dada na mdogo wake wamepanga hivyo. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilinitia hofu.

Mezani Ardith alikula kuku na maharage, akakumbatiana na kila mtu, akataniana na mchungaji. Nilidhani yamepita. Lakini garini, tulipoiacha milima, akaniuliza.

"Tangu lini unaweza?"

"Tangu utotoni."

"Mama alijua?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka. "Alijua. Aliniambia wewe una sura ya jukwaani, mimi nikushikie sauti ya chini."

Aligeukia dirishani. "Kwa hiyo mmekuwa mkinihurumia," alisema. "Wewe na mama. Hata Clete kwa udanganyifu hajawafikia nyinyi."

"Dada..."

"Endesha gari, Nola."

Albamu ilitoka vuli ile. Clete alinipigia simu kabla, anababaika, anataka nisikie kutoka kwake: Ardith ameomba sauti yangu ifutwe kwenye wimbo wa mama. Wameifuta. Nimeusikiliza mara moja tu, jikoni, nimesimama. Yuko peke yake pale juu, na anafika.