Jina Chini ya Rangi

Maji yakageuka meusi.

Mpaka hapo yalikuwa yakitiririka meupe, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele, na weupe ule ndio uliokuwa ukitupa moyo. Gaspari, rafiki yangu anayepaka magari rangi, alikuwa amenionya: ukishika msasa wa maji, macho yako yawe kwenye maji. Yakiwa meupe, unapunguza kliya tu, ile vanishi ya juu isiyo na rangi. Yakishika rangi, umepita. Acha.

"Mama Kristina, acha," nikamwambia mke wangu. "Umepita."

Luciana hakuacha. Alisugua tena, polepole, kwa ncha za vidole, kisha akamimina maji ya sabuni juu ya tangi la pikipiki lililolala juu ya beseni. Weusi ukaondoka. Ukabaki mstari mweupe, mnene, uliojikunja mara mbili kama nyoka mdogo. Mkono wake ukasimama hewani, msasa ukidondosha maji kwenye khanga yake.

"Hii ni S," akasema. "Imeandikwa kinyume."

Sikuelewa. Nilidhani anasikitikia rangi niliyoihangaikia. Nilipomtazama usoni ndipo nilipojua kwamba yule aliyekaa kwenye kigoda mbele yangu hakuwa tena pale uani kwetu Mandewa.

Kabla yangu, Luciana alikuwa mke wa Calist, dereva wa bodaboda wa Mtinko. Nilimfahamu. Nafanya biashara ya kuku wa kienyeji, na mara nyingi ni yeye aliyenibebea matenga yangu mpaka mjini. Alikuwa na kigugumizi cha kutesa, lakini akiimba kilimtoka chote, kwa hiyo njia nzima aliimba. Siku binti yao alipobatizwa alichukua brashi na rangi nyeupe ya mafuta, akaandika jina la mtoto ubavuni mwa tangi lake la bluu: KRISTINA. S ikageukia upande usio wake. Watu wakamcheka, wakamwambia afute. Akakataa. "M-m-mtoto ni wangu," alisema, "na S ni yangu."

Msimu mmoja wa mvua alimpakia abiria wa kwenda Mkiwa, hakurudi. Mwaka ule vijana wa bodaboda walikuwa wakiokotwa vichakani, pikipiki zao zimechukuliwa. Wachungaji wa ng'ombe wakakuta helmeti yake mtaroni kando ya lami. Hakuna kingine kilichopatikana. Tulipiga kambi porini, tukaita mpaka sauti zikakauka, na hata fisi hawakutuachia cha kuzika. Mwishowe mama yake, Severina, alisema inatosha, watu wakae matanga.

Na ni Severina huyohuyo, miaka ilipopita, aliyeniita kwake akanikalisha. "Joshua, binti huyu bado mdogo," aliniambia. "Usimwache akaukie mikononi mwangu." Wazee walikubali. Tulifunga ndoa kanisani, na Severina alikaa upande wa bibi harusi, kando ya mama yake mzazi, kama mama wa pili. Kristina alinizoea, kisha akazaliwa Hosea, na nyumba ikapata kelele zake.

Lile tangi nililileta mimi. La kwangu lilikuwa limeoza kwa kutu, petroli ikivuja mpaka kwenye injini, nikapata lililotumika kwa Bonaventura, muuza spea wa pale njia panda ya Mkiwa. Lilikuwa la kijivu. Nililipaka rangi nyeusi mwenyewe pale uani, pamoja na madigadi ya magurudumu na vifuniko vya ubavuni, nikiwa nimevitundika kwenye kamba ya nguo. Nani asiyeujua upepo wa Singida? Kliya ilipokauka, ilikuwa na vipele kama ganda la chungwa, na mahali pengine imechuruzika. Madigadi yalikubali msasa, yakawa laini kama kioo. Ubavu mmoja tu wa tangi ulikuwa na uvimbe usiotaka kuisha. Nilipochoka, Luciana akanipokea. Mama yake mzazi ni mfinyanzi; tangu utotoni amelainisha vyungu kwa kokoto ya mtoni, na mikono yake haina papara.

Sasa mikono hiyo ilikuwa ikisugua kama inayofukua mtu aliyefunikwa na udongo. Weusi wangu ukaisha, ukaja ukijivu, chini ya ukijivu bluu. Herufi zikatokea moja moja. Hakulia. Alipoifikia A ya mwisho aliuweka msasa chini, akafunika jina kwa viganja vyote viwili.

Nilikuwa nimeingiza nyumbani mwangu kitu cha mtu aliyeuawa. Nilikuwa nimepanga kumpakia mke wake nyuma ya tangi hilo.

"Tumtafute aliyekuuzia," Luciana akasema. "Leo."

Tulifika Mkiwa kwa basi, jua likiwa utosini. Nilikuwa nimelifunga tangi kwenye khanga, Luciana amelipakata kama mtoto mgonjwa. Bonaventura alikuwa kibandani kwake, katikati ya minyororo na matairi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nilijua atakana. Luciana alifungua khanga tu, akamwonyesha jina.

"Baba, hili ulilipata wapi?"

Mzee akalitazama, akatabasamu. Tabasamu lile lilinitia hofu kuliko hasira yoyote.

"Ah, S ya kinyume! Hili nililipaka mimi rangi ya kijivu, wateja walikuwa wanalicheka. Pikipiki nzima niliiuza vipande vipande, tangi likakaa sana."

"Nani alikuletea?"

"Mwenyewe. Kijana mmoja mrefu, ana kigugumizi. Maneno yalimkwama mpaka nikamhurumia."

Nilimshika Luciana kiwiko. Hakuyumba. Mimi ndiye niliyehitaji kushika kitu.

"Alikuwa amekamatwa?" akauliza. "Kulikuwa na watu wamemlazimisha?"

"Amlazimishe nani? Alikuwa anacheka. Walikuwa wawili, yeye na mwanamke aliyekuja naye juu ya hiyo pikipiki. Wakapanda lori la kwenda Itigi, walisema wanaelekea machimboni Chunya." Ndipo mzee alipoona nyuso zetu. Tabasamu likamwisha. "Kwani, binti yangu, alikuwa nani wako?"

Luciana alifunga khanga, akakaza fundo. "Tulimkalia matanga," akasema, akatoka.

Njiani malori yalitupita, mimi nikawa namhesabia Calist makosa yake kichwani, na kila nilipolifikia la mwisho nilikuta langu linaningoja: kama mtu huyu yu hai, mimi ni nani? Ile pete ni ya nini? Hosea ni mtoto wa ndoa gani? Nilimwonea wivu mtu ambaye asubuhi ile nilikuwa bado namwombea.

Hatukurudi Mandewa. Luciana alisema mama yake Calist asisikie habari hii sokoni. Tukaenda moja kwa moja Mtinko. Severina alikuwa uani akipepeta mtama. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akauliza wajukuu. Luciana alipiga magoti mbele yake, akamshika mabega ili habari isimwangushe.

"Mama, jikaze. Calist hakufa."

Ungo haukuanguka. Severina aliuweka chini taratibu, akapangusa makapi magotini. Kisha akayafumba macho, na katika kuyafumba kule nikaona kila kitu. Luciana naye aliona. Aliyaachia mabega yake kana kwamba yalikuwa na moto.

"Ulijua," akasema.

"Alinipigia simu mtama ulipokuwa unavunwa, mwaka uleule," Severina akasema. "Nilimwomba arudi. Nilimlaani. Akaniambia ile helmeti aliitupa mwenyewe, na kule ana mke."

"Na ukaniacha nivae nyeusi?"

"Nikuambie nini, mwanangu? Ningekuambia yu hai, ungemngoja. Ulivyompenda, ungezeeka umekaa mlangoni, na mimi namjua niliyemzaa, asingerudi. Nikasema, basi, mwenye dhambi niwe mimi. Nikamuua kwa mdomo wangu ili wewe upone."

Kuku walikuwa wamekwisha kuuvamia ungo, wanadonoa mtama, na hakuna aliyewafukuza.

"Nipe namba yake," Luciana akasema.

Severina akaitoa simu kwenye fundo la khanga, akabonyeza, akampa. Iliita kwa muda mrefu. Alipopokea, hata mimi niliyesimama pembeni nilisikia ile sauti ikisukumana na neno: "Sh-sh-shikamoo, m-mama."

"Siyo mama," Luciana akasema. "Ni Luciana."

Nyuma ya Calist kulikuwa na ngurumo ya mashine za kusaga mawe, na mtoto analia.

"Sikupigii urudi," akaendelea, na sauti yake ilikuwa tulivu kiasi cha kutisha. "Nina mume. Nakuuliza jambo moja tu. Kristina anajua umekufa. Kila Jumapili anakuombea. Nikuache hivyo, au nikufufue?"

Tulimsikia akianza. Herufi moja, ileile, ikigonga na kugonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Luciana alimsubiri kwa subira aliyokuwa amejifunza katika ndoa yao, mpaka ngurumo ya mashine ikakatika ghafla, na simu iliyokatika ikawa jiwe mkononi mwake.

Alimrudishia Severina simu yake. Hakumtukana. Alisema tu, "Kesho utanisindikiza kwa mchungaji, mama. Utasema wewe, mimi sina mdomo."

Severina alikuja kweli, akasimama mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa, akasema yote akiwa hajainamisha kichwa. Mchungaji alituelekeza mahakamani, ndoa ya kwanza ivunjwe kwanza, kisha kanisa libariki upya ya pili. Katika miezi ile Luciana alihamia kwa mama yake mzazi, tukawa tunaonana Jumapili kama wachumba, watu wazima wenye watoto, tukiona aibu kushikana mikono. Kristina aliambiwa na mama yake mwenyewe. Siku nyingi hakutaka kusali kabisa. Kwa bibi yake Severina hakukanyaga mpaka mavuno mengine, na alipokwenda alikaa naye mlangoni, wanapukuchua mahindi.

Luciana aliporudi nyumbani, baada ya baraka, tulikaa uani jioni, chai mkononi. Upepo ulikuwa umetulia.

"Baba Hosea," akasema, "kama siku ile ungekuwa unasugua wewe, mimi sipo. Ukaona lile jina. Ungeniita, au ungepaka rangi juu yake?"

Nilifungua mdomo niseme ningekuita. Lilikuwa neno rahisi, na lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini nikamkumbuka Severina, na upendo wake wote, na ulichomfanyia Luciana.

"Sijui," nikasema.

Luciana akaburuta kigoda chake, akakisogeza mpaka bega lake likagusa langu, akaendelea kunywa chai.