Jina la Kabla ya Jando

Mwalimu Oliva alikuja Chilangala kumtafuta mtu ambaye hakuweza kumtaja. Msicheke, jamani, ni jambo zito. Mtu mwenyewe alisoma naye shule ya Makote, huku huku mlimani, mpaka darasa la tatu, na jina alilomjua nalo ni la utotoni. Huku kwetu mwanamume akishatoka jandoni hupewa jina jipya, na lile la zamani huachwa huko huko porini. Ukimwita nalo umemtukana yeye na waliomzaa. Hata mama yake mzazi halitamki tena. Oliva alihamishiwa Masasi kwa shangazi yake kabla wenzake hawajaingia jandoni, kwa hiyo jina jipya hakuwahi kulisikia.

Sasa wewe niambie, mtu wa namna hiyo unamuulizia vipi? Oliva alijaribu. Kazi ilipotoka aliomba mwenyewe aletwe huku juu, wenzake wa chuoni wakamwona hana akili. Alipofika akazunguka akiuliza wenye maduka na vijana wa bodaboda: "Kuna kaka mmoja ana kovu kwenye paji, alisoma Makote, mnamjua?" Wenye makovu wamejaa tele! Watu wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu mpya anatafuta mume, tena ana haraka. Akaona haya, akaacha kuuliza, ila moyoni hakuacha. Alikuwa na neno moja tu la kumwambia yule kaka, asante, na lilikuwa limemkaa kooni tangu utoto.

Mwalimu mkuu wa pale, Mwalimu Barnaba, ana mtindo wake. Wafanyakazi wapya hawapokei kwa soda. Huwasimamisha uwanjani mbele ya watoto na wazazi, kila mmoja asimulie siku anayoikumbuka kwa furaha alipokuwa shule ya msingi. Safari hii walikuwa watatu: Oliva, Mwalimu Ashraf wa hesabu, na Mama Anwari, mtu mzima wa maneno machache, aliyeletwa na kamati apike uji wa watoto.

"Mimi shule sikusoma, mwalimu," Mama Anwari alisema alipoambiwa. "Nitasema nini?"

"Lolote, mama. Wewe ni mfanyakazi wa shule kama sisi."

Alianza Ashraf. Alisimulia alivyoiba mabibo kwenye mikorosho ya mwalimu mkuu wake, akala akashiba, kisha akaenda mstarini na uso wa mtu aliyetoka kusali. Kumbe shati jeupe limeshamchongea! Doa la bibo unalijua wewe, fua na chochote utakacho, halitoki. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Basil, mwenyekiti wa kamati, akamtania: "Ninyi Wayao hata kuiba hamjui, mngekuja huku tuwafundishe!"

Kicheko kilipotulia akaitwa Oliva. Alikuwa amejipanga. Angesimulia kisa chote akisema "rafiki yangu" na basi, na katika umati ule asingekosekana wa kumtambua huyo rafiki.

"Pale Makote," alisema, "kila mwanafunzi alitakiwa aje na maji. Tulishuka bondeni alfajiri, tunapanda na vidumu kichwani. Asiye na maji, mwalimu wa zamu anamrudisha nyumbani. Siku moja nikajikata mguu kwa jembe. Kushuka nikaweza kwa kuchechemea, kupanda na maji nikashindwa. Nikakaa pale kisimani nalia, maana baba alishasema, nikirudishwa mara moja tu, nibaki nyumbani nilee wadogo zangu. Rafiki yangu mmoja, wala si ndugu yangu, akachukua kidumu changu. Chake kichwani, changu mkononi, mlima wote ule. Tulipokaribia shule akanitwisha mimi, mwalimu asijue. Akafanya hivyo kila siku mpaka mguu ukapona. Nikampa muhogo, hakutaka."

Hapo akasahau alivyojipanga. Macho yalikuwa kwa wazazi, lakini mwenyewe alikuwa kwenye ule mlima, anautazama mgongo wa mvulana uliolowa maji.

"Bila yeye mimi leo si mwalimu," alisema. "Chilindo, popote ulipo, asante."

Lo! Limeshatoka.

Kina mama walijiziba midomo kwa khanga. Mzee Basil, yule yule aliyekuwa akicheka, alisimama uso umebadilika.

"Mwalimu! Wewe si mgeni huku. Jina la utotoni la mtu mzima unalimwaga hadharani, mbele ya watoto? Wenyewe wakisikia?"

"Nisameheni, wazee wangu. Jina lingine silijui."

"Kama hulijui, unanyamaza!"

Oliva alitamani ardhi immeze. Alimtazama Mwalimu Barnaba, na Mwalimu Barnaba akatazama viatu vyake, kwa sababu mzee alikuwa na haki. Mzazi gani angemwachia mtoto wake mwalimu anayetukana watu? Kule nyuma mtu alishaanza kusema arudishwe Masasi alikotoka.

Mama Anwari aliacha sufuria la uji likichemka, akaja, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Watu wakampisha. Oliva alidhani anakuja kumzaba kofi, na alikuwa tayari kulipokea.

"Alikuwa na kovu hapa?" Mama Anwari aliuliza, akijigusa paji.

"Ndiyo, mama. Alisema alianguka kutoka kwenye dungu."

"Ndipo nilipomzalia, kwenye lile dungu. Uchungu ulinikuta nalinda mtama, nikamwita kwa jina la dungu kwa lugha yetu."

Mzee Basil aliketi taratibu. Oliva akamshika yule mama mikono, unga na yote, furaha imempanda hata hakuuona uso aliokuwa akiutazama.

"Shikamoo, mama! Yuko wapi? Nipeleke nikamsalimie."

"Marahaba, mwanangu." Mama Anwari alimwachia mikono yake. "Alikuwa utingo. Lori la korosho lilipinduka nao mteremkoni, mwaka juzi. Tumemzika Makote."

Alisema bila machozi, kwa namna ya mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara nyingi. Oliva ndiye aliyelia. Alipiga magoti pale vumbini na gauni lake jipya la kazi, akalia kwa sauti mbele ya watoto atakaowafundisha. Alisema nimechelewa, mama, nimechelewa, akarudia hilo hilo tu.

"Alikuwa akirudi shingo imekakamaa," Mama Anwari alisema, akimfuta uso kwa pindo la khanga. "Namkanda kwa maji ya moto. Namuuliza, baba, una nini? Ananiambia ni mpira. Kumbe ni maji yako."

"Mama Anwari, pole sana," alisema Mzee Basil, sasa kwa upole. "Ila hilo jina, mila yetu unaijua."

"Naijua, mzee wangu. Tangu atoke jandoni sikulitamka. Hata siku ya kumzika nililia Anwari, Anwari, jina mlilompa ninyi wanaume. Nililompa mimi nilimeza. Mnaogopa atatukanika? Huyo wa kutukanwa yuko wapi?"

Mwalimu Barnaba alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mama," alisema, "zamu yako ya kusimulia bado ipo. Ukiweza."

"Yangu ndogo tu. Siku ya kwanza nilimpeleka shule asubuhi, nikaenda shamba, lakini jembe halikunikaa mkononi. Mchana nikarudi nikapika, nikatoka njiani. Watoto wanapita, wa wenzangu, wa wenzangu, wangu simwoni. Basi nikawa naita."

Aligeukia barabara. Kwanza alilisema jina kwa sauti ndogo, midomo ikisitasita. Kisha akavuta pumzi, akaweka mikono mdomoni.

"Chilindo! Chilindo we! Njoo ule!"

Mstari mzima wa watoto uligeuka kutazama njiani, wakijua kuna mtu anakuja.